Mwene Asiye na Jeshi

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Allan Calhamer, alichapisha kwa fedha zake mwenyewe nakala 500 za mchezo wa mezani alioupa jina la Diplomacy. Wachezaji ni saba, kila mmoja na dola yake ya Ulaya: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Austria, Italia, Urusi na Uturuki. Kalenda ya mchezo inaanza majira ya kuchipua ya 1901. Hakuna dadu wala karata, kwa hiyo hakuna bahati mbaya ya kusingizia ukishindwa. Afrika imo kwa maeneo mawili tu, Tunis na Afrika Kaskazini; kuanzia Sahara kushuka chini ramani imekatwa, na Ufipa, uwanda ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania, ikasalimika. Calhamer baadaye alijipatia riziki kwa kupeleka barua nyumba kwa nyumba katika kitongoji kimoja cha jimbo la Illinois. Ni kazi inayomstahili mtu aliyetunga mchezo ambao madhara yake yote hufanywa kwa karatasi.

Ubao huo usiotujua ndio nitakaoutumia kuitazama Ufipa. Uwanda ule, katika karne ya 18 na ya 19, ulikuwa na wachezaji wengi wenye nguvu zinazokaribiana, wakipeana ahadi ambazo hakuna hakimu wa kuzisimamia. Na mchezaji aliyekaa mezani muda mrefu kuliko wote hakuwa na jeshi hata moja.

Kwanza kanuni, ambazo hueleweka kwa dakika kumi. Kila jeshi lina nguvu moja, sawa na jeshi jingine lolote. Jeshi la Ufaransa lililoko Paris likiamriwa kuingia Burgundy, na la Ujerumani lililoko Munich likaamriwa hivyo hivyo, yanagongana na kila moja linabaki lilipokuwa. Msimu ujao yatagongana tena, na yanaweza kugongana mpaka wachezaji wapate mvi. Kinachovunja mkwamo huo ni jeshi la tatu ambalo halisogei popote: linaandikiwa amri ya kuunga mkono, na anayeungwa mkono anaingia kwa nguvu mbili dhidi ya moja. Jeshi hilo la tatu si lazima liwe lako. Laweza kuwa la jirani uliyenong'onezana naye jikoni robo saa iliyopita, mlango ukiwa umerudishwa. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, karatasi zinakusanywa, zinasomwa mbele ya wote kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo unapojua kama jirani aliandika kuiunga mkono Paris au kuiunga mkono Munich. Kanuni zinamruhusu kukuahidi lolote. Hazimlazimishi kuandika alichokuahidi.

Ubaoni kuna vituo 34, na mshindi ni atakayefikisha 18. Hesabu hiyo ndiyo inayoua urafiki. Wawili wakisaidiana kwa uaminifu tangu mwanzo watafika pamoja kwenye 15 au 16, halafu mmoja wao atagundua kwamba vituo viwili au vitatu anavyopungukiwa viko nyuma ya mgongo wa mwenzake, na mwenzake hakuacha mlinzi kwa sababu walikuwa marafiki. Kuanzia 1963 watu wakaanza kuucheza kwa posta, amri zikisafiri ndani ya bahasha. Mchezo mmoja ukawa unaweza kupita mwaka, muda wa kutosha kabisa kumchukia mtu ambaye hujawahi kumwona.

Mtanzania hahitaji ubao ili ayaelewe haya. Vyama vinne, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, viliungana kwa jina la UKAWA katika joto la Bunge Maalumu la Katiba la 2014. Mwaka uliofuata Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekatwa na CCM, akahamia CHADEMA na kupeperusha bendera ya muungano huo katika uchaguzi wa rais. Wiki chache kabla ya kampeni Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, na katibu mkuu wa CHADEMA, Dk. Slaa, akajiweka kando. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM na kupokewa kwa makofi. Kila hatua ililetewa maelezo marefu ya kimaadili, kutoka pande zote, na maelezo hayo yalikuwa mazuri. Mchezaji wa Diplomacy angeuliza swali fupi tu: nani alihitaji vituo vingapi, na vilikuwa kwa nani?

Kuna watakaosema tuna mchezo wetu wa mbinu, bao, na kwamba hatuna haja ya kuazima. Nalipenda bao na siamini kuna mchezo unaonoa hesabu za kichwa kuliko huo: kete 64, mashimo 32, namua kwanza kisha mtaji, na mtu anayeweza kuziona raundi nne mbele wakati wewe bado unahesabu ya kwanza. Lakini bao ni la wawili, na kila kete iko peupe. Umahiri hauadhibiwi. Bingwa akikaa, mpinzani wake hana wa kumwita amsaidie, ukiondoa watazamaji wa barazani ambao ushauri wao ni mwingi na hauna dhamana. Penye watu saba mambo hugeuka: anayeonekana hodari ndiye wa kwanza kuungiwa. Nguvu inayoonekana ni mwaliko kwa wengine kuungana dhidi yako. Kwa hiyo wachezaji wazoefu huogopa sana kuongoza mapema, na kuna wanaojifunza kuonekana dhaifu, waliochanganyikiwa kidogo, wasio na hila. Wengine hawajifunzi, ndivyo walivyo, na hao hufika mbali zaidi.

Sasa uwanda. Ufipa ni nyasi zilizoinuliwa: upande wa magharibi unashuka hadi Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki unaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina baridi ya Juni na Julai inayowafanya wageni wa kutoka Pwani waulize kama hapa bado ni Tanzania. Watu wake walikuwa wakulima kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo, intumba, yakaoza na kuirutubisha ardhi ya nyasi ambayo mgeni angeiona haifai. Waliyeyusha chuma katika tanuru refu la udongo, ilungu, lililozidi urefu wa mtu na kuvuta hewa lenyewe bila mivuo, kisha wakakisafisha tena katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe. Majembe yalitoka huko. Ukiitazama kwa jicho la mchezaji, hiyo ni nchi yenye vituo vizuri na mipaka mibaya: chakula kingi, chuma, njia za misafara, na uwazi wa kuingilika kutoka karibu kila upande. Kusini walikuwa Wamambwe na Walungu, na nyuma yao Wabemba waliokuwa wakikua. Ng'ambo ya bonde la Rukwa na kaskazini kulikuwa na wengine wenye njaa zao.

Katikati ya uwanda kuna Milansi. Simulizi za Kifipa, kwa namna zilivyoandikwa na Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, zinasema Milansi ndiyo asili ya nchi, na mwene (mtawala) wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Kizazi chake kilitawala. Kisha siku moja mwene alikwenda kuwinda, na kabla hajaondoka akamwonya mkewe kwamba wageni watakuja na wasiruhusiwe kukikalia kigoda. Wageni wakaja: wanawake watatu wa ukoo wa Watwa. (Hawa hawahusiani na Watwa wa misitu ya Kongo; jina ndilo limegongana.) Wakakikuta kigoda, wakakikalia. Mwene aliporudi na mawindo yake, nchi ilikuwa tayari ina watawala wengine.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya niirudie hadithi hii kila ninapofikiria siasa za wengi. Mwene hakuchukua mkuki. Alikubali kwamba aliyekalia kigoda amekikalia, na wakapatana: Watwa watatawala nchi, yeye atabaki na Milansi yake na heshima ya ukuu wa kwanza, pamoja na mambo ya kitambiko ambayo mgeni hawezi kuyafanya kwa sababu ardhi haimjui. Willis alipoandika kuhusu simulizi hii mwaka 1967 alionyesha jinsi Wafipa wenyewe walivyoigawa kimwili: Milansi ni kichwa, Watwa ni kiuno. Kichwa kina akili na utangulizi, kiuno kina nguvu na uzazi, na hakuna kinachokwenda bila kingine.

Mtu mgumu atasema hii ni hadithi ya washindi. Walinyang'anya, kisha wakatunga kisa kisicho na damu ili unyang'anyi uonekane makubaliano. Inawezekana sana, nasaba nyingi zilizoingia kutoka nje zina visa vya namna hiyo. Lakini tuangalie kilichomo ndani ya kisa. Kama ungekuwa unaitunga hadithi ya kuhalalisha ufalme wako, je, ungeacha ndani yake kwamba uliingia mwenye nyumba akiwa hayupo? Ungeacha kwamba alikujua kabla hujafika, na kwamba mkewe alikwisha kuonywa? Kisa hiki kinamvua mshindi nguo kiasi. Naona kimehifadhi sauti mbili, ya Watwa inayosema tulikikalia na akakubali, na ya Milansi inayosema tulijua, na tunakumbuka. Mkataba ambao pande zote mbili zinausimulia kwa maneno yaleyale, kila upande ukijiona ndio uliopata zaidi, ni mkataba imara.

Na Milansi ilipata nini? Ilitoka katika orodha ya wanaofaa kushambuliwa. Mwenye kijiji kimoja na kitambiko hana vituo vya kuporwa, lakini kila anayetaka kuwa mtawala halali wa Ufipa anamhitaji amkubali. Wachezaji wa Diplomacy wanaifahamu nafasi hiyo: dola ndogo iliyobaki na kituo kimoja au viwili, inayoishi kwa sababu kila mkubwa anaona afadhali ibaki kuliko imezwe na mkubwa mwenzake. Tofauti ni kwamba ubaoni mdogo huyo huwa amefika hapo kwa kupigwa. Milansi, kama simulizi inavyotaka tuamini, ilitangulia kufika.

Waliobaki na nguvu walifanya kama ilivyotarajiwa. Watwa waligawanyika wenyewe kwa ugomvi wa urithi, na nchi ikawa na falme mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini, damu moja, viti viwili. Simulizi zinataja pia kipindi ambacho Wanyika kutoka kusini waliishika nchi kabla ya Watwa kujirudishia. Nkansi na Lyangalile zilipigana kwa muda mrefu. Zote zilikuwa na nasaba ileile na hoja ileile ya uhalali, kwa hiyo hakuna iliyoweza kuishinda nyingine kwa maneno, na kwa silaha zilikaribiana. Ni Paris na Munich zikigombea Burgundy. Kwa kawaida mkwamo wa namna hii humfanya mmoja atafute jeshi la tatu kutoka nje, na jeshi la tatu kutoka nje lina tabia ya kukaa.

Kabla hawajafika mbali na utafutaji huo, mchezaji mwingine aliingia bila kualikwa. Wangoni wa Zwangendaba, waliouvuka Mto Zambezi Novemba 1835 siku ya kupatwa kwa jua, walifika Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1840 na kuweka makao mahali palipoitwa Mapupo. Hakuna jeshi katika eneo zima lililokuwa na nidhamu ya vikosi kama wao. Kwa hesabu ya ubao mchezo ulikuwa umekwisha: dola moja ilikuwa imekaa juu ya uwanda wenye chakula na chuma, na wenyeji wamegawanyika.

Kisha Zwangendaba akafa. Ni kati ya 1845 na 1848, inategemea unamsoma nani. Wangoni, ambao njia nzima kutoka kusini walikuwa wameyameza mataifa na kuwafanya mateka kuwa Wangoni, wakashindwa kukubaliana nani arithi. Kundi moja, Watuta, likaenda kaskazini na kuisumbua nchi hadi karibu na Ziwa Victoria. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 jina la Watuta lilikuwa tayari la kutishia watoto. Mpezeni hatimaye akaangukia mashariki mwa Zambia ya leo, Mombera upande wa kaskazini wa Malawi. Zulu Gama na watu wake wakaelekea kusini-mashariki, na kizazi cha mwendo huo ndicho kilichoijenga Songea. Ufipa haikuwashinda Wangoni. Ilikuwapo tu walipokuwa wakishindana wenyewe, na ikaendelea kuwapo walipoondoka. Wanahistoria wa vita hawana medali ya aina hiyo, ingawa wangepaswa kuwa nayo.

Baada ya hapo kuna badiliko ambalo Willis alilijengea kitabu kizima, A State in the Making, kilichotoka 1981. Falme mbili za Watwa zilipunguza kupigana na zikageukia biashara. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Tabora ikielekea kusini na kusini-magharibi, ambako Tippu Tip alimpiga Nsama wa Itabwa mwaka 1867, ilihitaji chakula na njia tulivu. Kirando, kando ya ziwa, pakawa bandari ya wafanyabiashara. Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa wakulima kuliko watu wengine wote aliokutana nao, na akashangazwa na utulivu wao. Wasafiri wa wakati ule walizoea kuuona utulivu wa Mwafrika kama tabia ya kuzaliwa nayo. Mimi nauona kama msimamo wa mezani. Watawala wa Nkansi walikuwa wamejifunza, kwa gharama ya vizazi viwili, kwamba mwenye nafaka ambaye kila msafara unamhitaji yuko salama kuliko mwenye mikuki ambaye kila jirani anamhesabu. Walikuwa wakiicheza nafasi ya Milansi, kwa kiwango cha ufalme.

Kiwango hicho kilikuwa na kasoro yake. Milansi haikuwa na kitu cha kuporwa, lakini Nkansi na Lyangalile zilikuwa navyo: watu, mifugo, maghala. Mwishoni mwa karne ya 19 Kimalaunga, mbabe wa vita aliyejichimbia bonde la Rukwa na wafuasi wenye bunduki, alionyesha jinsi utulivu unavyosomwa na mtu asiyetegemea misafara ya mtu mwingine. Lyangalile, iliyokuwa karibu naye, iliumia zaidi.

Wazungu walipofika walikuwa saba nyumbani kwao na watatu ziwani. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliweka kituo Karema mwaka 1879 kwa jina la chama cha kimataifa cha sayansi na ubinadamu, na mwaka 1885 kituo hicho kikaachiwa Mapadri Weupe, kwa sababu Mkutano wa Berlin ulikuwa umempa Leopold Kongo na Karema ilikuwa upande usio wake. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza ukachora mpaka kusini mwa Ufipa na, katika karatasi hiyohiyo, ukabadilishana Zanzibar na kisiwa cha Helgoland. Mwene wa Nkansi hakuulizwa. Hata hivyo hakuna aliyeandikiwa amri katika mkataba ule aliyeulizwa, kwa hiyo si dharau ya pekee kwake. Wajerumani wakajenga boma huko Kasanga, wakaliita Bismarckburg, na wakatawala uwanda kupitia watawala wa Kitwa waliowakuta.

Halafu ikaja 1914, na miungano ya ubao wa Calhamer ikaingia ziwani kwa miguu yake. Calhamer aliutoa mchezo wake katika kusoma vitabu vya chanzo cha vita hiyo. Angeutoa katika kusoma Ziwa Tanganyika, angepata mchezo wa kuchekesha zaidi. Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni, maksai na mitambo ya mvuke kupitia Kongo hadi kando ya ziwa, upande wa washirika wao Wabelgiji. Kiongozi wa msafara, Spicer-Simson, aliitwaa meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Pia alikuwa akivaa sketi aliyoshonewa na mkewe, na ugomvi wake na maofisa wa Kibelgiji ulikuwa mkali karibu kama ule na Wajerumani.

Juni 1916 jeshi la Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini lilipoizingira Bismarckburg kwa nchi kavu, boti za Spicer-Simson zilikuwa na kazi moja, kuziba njia ya majini. Hazikuiziba. Spicer-Simson aliziona bunduki kubwa za boma akaona busara kukaa mbali. Wajerumani wakaondoka usiku kwa mashua. Waingereza walipoingia, inasimuliwa, walikuta bunduki zile ni za mbao. Mchezaji mzoefu wa Diplomacy hatashangaa. Jeshi linalodhaniwa liko mahali fulani linazuia sawasawa na jeshi lililoko, kwa muda wa msimu mmoja, na msimu mmoja mara nyingi unatosha.

Wapagazi na nafaka za vita hiyo vilitoka vijijini, na uwanda ule ulilipa sehemu yake. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, kusini kidogo ya mpaka wa Ufipa, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Washirika wakageukiana mara moja. Wabelgiji walikuwa wameiteka Tabora mwaka 1916 na walikuwa wakiishika Kigoma. Mwaka 1919, katika makubaliano kati ya Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza, waliachia walichokuwa nacho wakapewa Ruanda-Urundi. Ufipa ikaangukia Uingereza, ambayo miaka ya 1920 ikaleta utawala wa kupitia machifu. Nkansi na Lyangalile zikarudi kuwa falme mbili zenye hadhi, sasa zikiwa na vitabu vya kodi na mishahara.

Mishahara hiyo ndiyo iliyobadilisha hesabu. Mtawala anayelipwa na serikali hamhitaji tena mwenye kitambiko amkubali, anamhitaji Bwana Shauri. Kwa miaka zaidi ya thelathini kichwa na kiuno viliishi kama watu waliotengana kimya kimya. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika likafuta sheria iliyowapa machifu mamlaka yao, nchi nzima, kwa wakati mmoja. Nkansi na Lyangalile, baada ya kustahimili Wanyika, Wangoni, Kimalaunga, Wajerumani na Waingereza, ziliondolewa kwa kura za wabunge wasiokuwa na ugomvi wowote nazo. Jina la Nkansi limebaki kwa Wilaya ya Nkasi, makao makuu Namanyere.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na nimejaribu kumsikiliza. Atasema Milansi haikuwa mchezaji. Aliyekwisha kuachia vituo vyake vyote ametoka mchezoni, na kumwita mshindi ni kumfariji. Kukaa muda mrefu si kushinda, na kama mwene angekuwa nyumbani siku ile angepigana kama wengine. Hoja ina uzito, na hadithi yenyewe inaiunga mkono, kwa maana ile ya kwamba mwene alionya ili asipoteze. Hakuchagua kupoteza kigoda. Alichochagua ni cha kufanya baada ya kukipoteza, na wengi wa waliomfuata katika uwanda ule, wenye vikosi na bunduki, walipofika hapo walichagua vibaya zaidi.

Kanuni za Calhamer zina kifungu ambacho wachezaji wapya hukiona hakina haki. Wakikubaliana kusimamisha mchezo kabla hajapatikana wa vituo 18, wote waliobaki na kipande ubaoni wanagawana sawa: mwenye 15 anapata sawasawa na mwenye kimoja. Sheria ya 1963 haikugawa kitu. Ilifuta nguvu za kiserikali, mahakama za jadi na mishahara, ambavyo vilikuwa vya Watwa. Milansi ilichungulia orodha hiyo ikakuta kwamba, kwa sehemu kubwa, jina lake halimo.